Filamu Haina Tanbihi

Mwandishi wa kitabu cha historia, sentensi ikimtia shaka, huweka nambari ndogo juu yake na kumwelekeza msomaji chini ya ukurasa. Msimulizi wa filamu ya historia hana pa kumwelekeza mtu. Sauti imetoka, picha imepita, mtazamaji ameshaamini. Kila sentensi inabidi ibebe ushahidi wake yenyewe, na ieleweke hata kwa mama anayeosha vyombo huku runinga ikiwa nyuma yake. Wengi wanaoanza kazi hii hapa Nairobi huhangaikia sauti: wanaikandamiza iwe nzito, wanavuta maneno, wanaiga watangazaji wa zamani. Sauti ya kawaida iliyo safi inatosha. Maneno ndiyo yanayowaangusha.

Tuchukue Machi 1922. Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga sera za wakoloni, alikamatwa tarehe 14. Tarehe 16 umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe ukamiminiwa risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa. Waliokuwapo walitaja idadi kubwa zaidi, wengine wakavuka 100. Ukisema "watu ishirini na mmoja waliuawa", umejigeuza msemaji wa gavana. Ukisema "zaidi ya watu mia moja waliuawa", umeapa juu ya jambo usiloweza kulithibitisha. Sema hivi: "Serikali ilihesabu maiti ishirini na moja. Waliokuwa pale walisema ni wengi kuliko hao." Ni maneno kumi na matatu, kama sekunde saba hivi, na msikilizaji anajua nani amesema nini.

Katika tukio hilohilo kuna mtego wa kauli ya kutendwa. "Walipigwa risasi" ni sentensi tamu mdomoni, lakini inamficha aliyepiga. Andika "polisi waliwafyatulia risasi". Halafu kuna simulizi kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya jirani nao walifyatua. Simulizi hiyo imeenea sana na haifai kuachwa, ila iingie kama simulizi, ikiwa na wasimulizi wake. Na Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewapa wanaume changamoto siku ile na akauawa, atajwe kwa jina lake lote, asifichwe ndani ya "wanawake kadhaa".

Neno "inasemekana" tulipige marufuku kwenye maandishi yetu. Limekuwa tanbihi ya mvivu. Nani anasema? Ikiwa ni mkuu wa wilaya katika ripoti yake, mtaje. Ikiwa ni majirani, sema majirani. Ikiwa hujui ni nani, huna haki ya kulisoma hilo kwa sauti yako.

Wala hati yenye muhuri haimalizi mjadala. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walikufa katika kambi ya kizuizini ya Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai vifo vilitokea baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha walikufa kwa kipigo. Katika filamu, taarifa ile ya uongo isomwe, kwa sababu yenyewe ni sehemu ya historia, ila isomwe kwa sauti ya pili, ya mtu mwingine, na jina la aliyeitoa litajwe kabla yake. Ukiisoma wewe msimulizi, hata ukiikanusha sekunde kumi baadaye, kuna atakayekumbuka ile ya kwanza peke yake. Kanuni yetu ni hii: msimulizi hasomi kwa sauti yake neno asiloliamini.

Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, ni mfano mgumu zaidi. Aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani, na aliyempiga risasi, ofisa wa jeshi la Uingereza Richard Meinertzhagen, ndiye aliyeacha maelezo marefu zaidi juu ya siku hiyo. Mtu huyuhuyu baadaye aligunduliwa kuwa ameghushi kumbukumbu za ndege wa porini alizopeleka katika makumbusho ya London. Shahidi wa namna hiyo hatupwi, lakini haachwi aongoze mkutano. Andika kwanza kile ambacho Wanandi na maafisa wengine wanakubaliana nacho, kisha useme "muuaji wake aliandika kwamba..." Neno "muuaji" hapo si tusi. Ni cheo chake katika tukio hilo, na linamwambia msikilizaji asikie yanayofuata kwa sikio gani.

Utafiti huanzia Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, jengo lililokuwa la benki zamani, ambalo mbele yake nusu ya Nairobi huwekeana miadi. Sakafu ya chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi; usiupite kama njia ya kupandia ngazi. Ukifika chumba cha kusomea, nenda na penseli. Faili hupangwa kwa alama za ofisi zilikotoka: DC/KBU ni mkuu wa wilaya ya Kiambu, PC/CP ni mkoa wa kati. Andika alama nzima ya faili na nambari ya ukurasa kabla hujasoma mstari wa kwanza. Tunasisitiza "kabla" kwa sababu ukishavutwa na habari utasahau, na miezi minne baadaye, mhariri atakapouliza umelitoa wapi, utalazimika kufungua masanduku upya.

Ripoti za mwaka ziliandikwa kumfurahisha mkubwa. Tafuta zaidi zile za makabidhiano, ambazo ofisa anayeondoka alimwachia anayeingia. Humo ndimo anapoeleza chifu gani haaminiki, mto gani unagombaniwa, kodi gani hailipwi. Kwa maisha ya kila siku nenda maktaba ya McMillan, Banda Street, iliyofunguliwa 1931, ukaombe magazeti ya zamani. Usisome kichwa cha habari pekee. Matangazo ya biashara yatakupa bei ya sukari, nauli na filamu iliyokuwa ikionyeshwa wiki hiyo; sentensi moja ya bei ya sukari humweka mtazamaji mtaani kuliko dakika mbili za siasa.

Kwa kawaida faili za serikali hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30, lakini zipo zilizosafirishwa. Mwaka 2011, wakati wa kesi ya huko London ya wazee wa Mau Mau waliodai kuteswa kizuizini, serikali ya Uingereza ilikiri kushikilia maelfu ya faili zilizoondolewa katika makoloni yake, zikiwemo za Kenya. Tarehe 6 Juni 2013 ikatangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Maana yake kwa kazi yetu ni rahisi: maandishi yoyote ya kabla ya 2011 kuhusu kambi za kizuizini yasikopwe bila kukaguliwa upya, hata kama mwandishi wake alikuwa mwaminifu.

Wazee ni hifadhi nyingine, na hufunguliwa kwa adabu. Usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Atakupa mwaka ili akuridhishe. Muulize ilikuwa kabla au baada ya Uhuru, waziri Tom Mboya alikuwa hai au ameshauawa, ni kabla ya Mzee Kenyatta kufariki, au ni ule mwaka wa njaa, wa unga wa njano. Mboya ni tarehe 5 Julai 1969, Kenyatta 22 Agosti 1978, mapinduzi yaliyoshindwa 1 Agosti 1982, unga wa njano 1984, bomu la ubalozi wa Marekani 7 Agosti 1998. Ukipata vigingi viwili, tukio liko katikati yake. Wazee wa zamani zaidi watakupa rika walilotahiriwa nalo, na hilo mara nyingi ni sahihi kuliko kitambulisho, maana tarehe nyingi za kuzaliwa kwenye vitambulisho vyao zilikadiriwa na karani.

Swali la pili lisilokosekana ni "cucu (yaani nyanya, kwa Kikuyu), uliona mwenyewe au ulisimuliwa?" Liulize kwa upole, na uliulize kwa kila jambo zito. Jibu lolote lina thamani, ila sentensi utakayoandika itatofautiana. Mahojiano yasizidi dakika 90 kwa kikao. Tumia vinasa sauti viwili, kimoja kikiwa cha betri. Ridhaa isemwe mwanzoni, kinasa kikiwa kimewashwa, na baadaye familia ipewe nakala kamili ya rekodi, si ile iliyokatwakatwa. Na ukisikia tarehe isiyolingana na hati, usimsahihishe mbele ya wajukuu wake. Iandike pembeni, uifanyie kazi nyumbani.

Picha nazo hudanganya, hasa maelezo yake. Picha ya katikati ya Nairobi iliyoandikwa "Uhuru 1963" na nyuma yake kuna jumba la KICC si ya 1963, kwani KICC ilikamilika 1973. Ikiwa mnara wa Hilton unaonekana, ni 1969 kwenda mbele. Tazama pia kama picha imegeuzwa: usukani wa gari uko kulia? Maandishi ya duka yanasomeka? Vifungo vya koti la mwanamume viko upande wake? Filamu nyingi za habari za enzi ya ukoloni zilipigwa bila sauti, na maneno yakaongezwa baadaye Uingereza. Ukitumia picha hizo na sauti yake, unatumia mashahidi wawili tofauti, na yule wa pili mara nyingi hakuwahi kukanyaga Kenya. Kuhusu malipo, sheria ya hakimiliki ya Kenya huilinda picha kwa miaka 50, lakini hata ulinzi ukiisha, mwenye nakala safi anaweza kukutoza kwa kukupa nakala hiyo. Picha za filamu hutozwa kwa sekunde au dakika, na mara nyingi kuna kiwango cha chini. Ukihitaji sekunde sita, uliza kwanza utalipia ngapi.

Sasa lugha. Hapa ndipo filamu nyingi za Kiswahili huharibika, kwa sababu maandishi huandikwa kwa Kiingereza kisha yakatafsiriwa usiku wa kuamkia kurekodi. Kiingereza cha filamu hupenda kusimulia yaliyopita kwa wakati uliopo: anasimama, anatazama, anaondoka. Sikio la Kiswahili halisubiri hilo. Fungua tukio kwa -li-, kisha liendeshe kwa -ka-: "Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizunguka Nairobi. Wakafunga barabara, wakaingia mtaa kwa mtaa, wakawatoa watu nje." Hiyo ni Operesheni Anvil, msako wa kuwakamata watuhumiwa wa Mau Mau, na -ka- ndizo hatua za buti zenyewe. "Ambaye" na "ambayo" zikizidi moja katika sentensi, ivunje. Msikilizaji hawezi kurudi nyuma kutafuta "ya" ni ya nini.

Saa huua wengi. Hati inasema saa tatu usiku kwa hesabu ya Kizungu, mtafsiri anaandika saa tatu usiku kwa Kiswahili, na watu waliokamatwa wakiwa usingizini sasa wamekamatwa wakila chakula cha jioni. Hesabu saa sita, kisha umsomee mtu mwingine kwa sauti, umuulize kulikuwa na giza au mwanga.

Miaka nayo ina urefu wake. "Elfu moja mia tisa hamsini na mbili" ni maneno saba na karibu sekunde nne. Itaje yote mara ya kwanza, halafu baki na "mwaka hamsini na mbili" kama watu wanavyosema. Katika maandishi ya kusoma, andika tarakimu zote kwa maneno, hata zile rahisi. Macho yaliyochoka husoma 1959 kama 1956 bila mwenyewe kujua.

Mitaa iitwe kwa jina la siku ile. Mboya aliuawa Government Road. Ukisema aliuawa Moi Avenue umeweka jina la rais mahali alipokuwa bado makamu. "Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue" inatosha mara moja, halafu endelea na la zamani. Vivyo hivyo Delamere Avenue iliyokuja kuwa Kenyatta Avenue, na Victoria Street iliyokuja kuwa Tom Mboya Street.

Msamiati wa hati za wakoloni haufai kuingia mzima. "Genge", "magaidi", "mateka waliotubu" ni maneno ya upande mmoja wa vita. Yatumie ndani ya nukuu tu. Lakini "kipande" (kitambulisho alicholazimishwa Mwafrika kubeba), "ngati" (askari mgambo wa upande wa serikali), "kijiji cha hali ya hatari" (kijiji walikohamishiwa watu kwa nguvu) ni maneno ya waliokuwapo. Yaache yalivyo, uyaeleze mara moja. Na majina ya watu: Kĩmathi, la kiongozi wa Mau Mau, lina irabu isiyo i ya Kiswahili, iko karibu na e. Mpigie simu mtu wa ukoo au wa lugha hiyo, mrekodi akilitamka jina polepole mara mbili, ulisikilize kabla ya kila kikao. Hakuna kosa linalowafanya watu wazime runinga haraka kuliko kusikia jina la babu yao limevunjwa.

Filamu ya nafasi ya saa moja huwa dakika 52 hivi. Mahojiano, sauti za kale na ukimya vikichukua zaidi ya nusu, usimulizi hubaki dakika 20 hadi 24. Kwa mwendo wa maneno 105 kwa dakika, ambao ndio mwendo mzuri wa Kiswahili, hayo ni maneno 2,100 hadi 2,500. Mtayarishaji akikuletea 4,000, usikubali kukimbia. Punguza maneno naye kabla ya siku ya kurekodi. Andika kwenye safu nne: muda, picha, maneno, na chanzo. Safu ya nne haisomwi, lakini sentensi isiyo na kitu katika safu hiyo haisomwi pia.

Studio ya kukodi ni nzuri ukiimudu. Nyumbani, tafuta chumba chenye nguo nyingi, ning'iniza mablanketi mazito nyuma yako na pembeni, si mbele tu, maana sauti inayorudi kutoka nyuma yako ndiyo inayoingia kwenye maikrofoni. Lang'ata na South C kuna ndege za uwanja wa Wilson. Ijumaa usiku kuna kesha. Aprili na Novemba mvua juu ya mabati inafuta siku nzima. Majogoo huanza mapema, kwa hiyo saa tulivu ni kati ya saa nne usiku na saa tisa. Zima friji, na weka funguo zako ndani yake ili usisahau kuiwasha ukitoka. Tumia kompyuta kwa betri: umeme ukikatika hupotezi kazi, na mvumo wa hezi 50 unapungua.

Maikrofoni ikae shibiri moja kutoka mdomoni, ikielekea pembe ya mdomo badala ya katikati, ili p na b zisipige. Rekodi WAV, kilohezi 48, biti 24, vilele vya sauti visivuke desibeli -6, wastani ukicheza karibu na -18. Kabla ya neno la kwanza rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba. Mhariri atazitumia kuziba nafasi. Maji ya uvuguvugu, tofaa la kijani kwa midomo inayobofyabofya, na chai ya maziwa isubiri hadi umalize. Dakika 22 za usimulizi ni kazi ya saa tatu hadi nne. Baada ya dakika 50 pumzika, kwani sauti huanza kushuka bila wewe kusikia, na aya mbili zilizorekodiwa kwa saa tofauti hazitashikana. Kwa runinga kiwango cha mwisho kinachotumika sana ni -23 LUFS (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti), mtandaoni karibu -14. Uliza stesheni kabla ya kukabidhi.

Sauti pia ni ushahidi. Palipo na shaka, usishushe sauti mwishoni kana kwamba umepiga muhuri. "Waliokuwa pale walisema ni wengi kuliko hao" isomwe ikiwa bado iko juu kidogo, mlango ukiwa wazi. Palipo na uhakika, shusha, kisha nyamaza sekunde mbili nzima. Mhariri atajaribiwa kuijaza nafasi hiyo kwa muziki. Mwandikie kwenye maandishi kwamba ni ukimya.

Mkataba useme malipo ni kwa dakika iliyokamilika, nusu ilipwe kabla, na matumizi yatajwe: runinga, mtandao, miaka mingapi. Kodi ya zuio ya asilimia 5 itakatwa na kampuni, dai cheti chake. Kifungu muhimu kuliko vyote ni cha marekebisho. Kosa la msimulizi, msimulizi anarekodi upya bila malipo. Kosa la maandishi, mtayarishaji analipa. Na pande zote mbili zikubali tangu mwanzo kwamba kosa la ukweli litasahihishwa hata baada ya filamu kurushwa.

Maana simu zitapigwa. Nyingi zitahusu jina la mtu, mahali, ukoo. Mtaarifu anayepiga kwamba unaandika, uandike kweli: muda wa sentensi katika filamu, anachosema, amejuaje. Baadhi ni mabishano ya kale kati ya familia mbili, na hapo sentensi ikiwa imeandikwa vizuri haihitaji kuguswa, kwa kuwa inataja ni nani alisema. Lakini nyingine ni makosa halisi. Mwanamke aliyeitwa mke alikuwa dada. Aliyesimama kushoto kwenye picha siye. Hizo zirekodiwe upya kabla ya filamu kurudiwa, nakala ya mtandaoni ibadilishwe, na stesheni ipelekewe faili mpya ikiwa na maelezo ya kilichobadilika.

Sentensi mpya lazima isikike kama zile za zamani, na hilo haliwezekani kwa kukisia. Siku ya kwanza ya kurekodi, kata uzi kutoka ncha ya maikrofoni hadi kidevuni, andika juu yake jina la filamu. Piga picha ya chumba, ya mkao wa maikrofoni na ya vipimo vyote kwenye skrini. Hifadhi uzi huo pamoja na mkataba.